Injini Inamisi: Namna ya Kuitafuta Silinda Isiyochoma Kabla ya Kununua Spea

Msimu wa korosho unapokaribia, pikapu zilizokuwa zimeegeshwa huanza kufanya kazi mfululizo kati ya mashamba, maghala na mjini, na maswali yaleyale hurudi: kwa nini injini inatetemeka ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), kwa nini gari halivuti mlimani, kwa nini taa ya injini imewaka na ekzosi inatoa mlio wa kukatakata. Mara nyingi sababu ni kwamba silinda moja haichomi ipasavyo, yaani injini inamisi. Wengi wanaouliza huwa wamekwisha kununua kitu, ama plagi zote, ama koili zote (vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche), ama pampu ya mafuta, kwa kuwa mtu fulani aliwaambia kuwa gari la jirani lilipona kwa njia hiyo.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: kifaa kibovu kikihamishiwa silinda nyingine, misi huhama nacho. Kwa mtu aliyeko Mtwara, Lindi, Nachingwea au Newala, kanuni hii ina uzito wa pekee, kwa sababu spea nyingi huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kuletwa kwa basi. Ukiagiza koili isiyohusika, umelipia koili, umelipia usafiri, umesubiri, na gari bado linamisi.

Maelezo yanahusu injini za petroli za pikapu na magari ya juu, kama vile Hilux, Prado, RAV4, Escudo na X-Trail. Wenye dizeli wana sehemu yao fupi mbele. Nadharia unayohitaji ni hii tu: ili silinda ichome, inahitaji cheche kwa wakati wake, mafuta na hewa kwa kipimo chake, na mgandamizo (kompresheni) wa kutosha. Hatua zote hapa chini zinatafuta ni kipi kati ya hivyo kimekosekana.

Onyo la kwanza kabla ya lolote

Taa ya injini ikiwa imewaka bila kumweka (kuwaka na kuzima), unaweza kuendesha polepole hadi mahali pa kutengenezea. Taa ikimweka, maana yake ni kwamba misi ni kali kiasi cha kuharibu masega ya ekzosi, yaani kifaa cha kusafishia moshi: petroli isiyochomwa huingia humo, huwaka, na kuyapandisha joto hadi yakayeyuka. Ondoa mguu kwenye mafuta, na taa isipoacha kumweka, simama. Usijilazimishe kutoka Masasi hadi Mtwara katika hali hiyo kwa kuwa gari bado linatembea. Masega yaliyoyeyuka huziba ekzosi, na kuanzia hapo utakuwa na magonjwa mawili ya kutibu.

Vifaa vya kuandaa

Tafuta soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani, racheti na kiungo chake kirefu, soketi ya namba 10 kwa boliti za koili, kipimo cha mwanya wa plagi, malti-mita, tochi, bisibisi ndefu, kitambaa safi, kalamu na karatasi, na utepe wa kuandikia namba. Upepo wa kupulizia unaweza kuupata kwenye sehemu yoyote ya kuziba matairi. Mashine ya kusomea kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari) itakurahisishia kazi. Ile ndogo inayounganishwa na simu inatosha kwa magari mengi, ila baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayasomwi na mashine za bei nafuu. Kipimo cha kompresheni si lazima ukinunue, kwani gereji nyingi zinacho na unaweza kukiazima utakapofika hatua ya 9.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa, isipokuwa pale hatua inapotaka iwe inanguruma. Chupa ya petroli, sigara na jiko viwe mbali.

Hatua kwa hatua

1. Andika tabia ya misi. Kabla ya kufungua boneti, andika misi inatokea lini: asubuhi injini ikiwa baridi, ikishapata moto, ikiwa sailensa, au gari likiwa na mzigo mlimani. Andika pia kilichotangulia, kwa mfano injini ilioshwa, gari lilipita kwenye maji, au petroli ilinunuliwa njiani kwenye dumu. Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haina spana, ilhali karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza pale vipimo vinapokinzana.

2. Soma kodi. Chomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Kodi P0301 humaanisha misi katika silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. P0300 humaanisha misi inayorukaruka bila kushikamana na silinda moja. Ziandike zote, pamoja na zile zisizotaja misi: P0171 huonyesha kuwa hewa imezidi mafuta, na kodi za kuanzia P0351 huonyesha hitilafu katika umeme wa koili. Usizifute kabla ya kuziandika.

Hesabu silinda kwa usahihi. Injini iliyolala kwa urefu wa gari, kama ya Hilux au Prado ya silinda nne, namba 1 iko mbele karibu na feni. Injini iliyokaa kwa upana, kama ya RAV4 au X-Trail, namba 1 iko upande wa mikanda. Katika V6 za Toyota, namba za witiri ziko upande mmoja na za shufwa upande wa pili.

3. Kama huna mashine, itafute silinda kwa kuikata. Washa injini iwe sailensa. Chomoa koneta (kichwa cha waya) ya injekta moja, kifaa kinachonyunyiza petroli, sikiliza, kisha irudishe na uende kwenye inayofuata. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itashuka na kutetemeka zaidi. Ukichomoa ya silinda inayomisi, hakuna kitakachobadilika. Silinda ambayo kuikata hakuleti tofauti ndiyo unayoitafuta.

Nasisitiza kuwa ukate injekta, si koili. Mazoea ya kung'oa waya wa plagi au koili injini ikiwa inanguruma, kisha kusikiliza cheche zikilia, yameenea sana na yana madhara matatu: unaweza kupigwa na umeme wa maelfu ya volti, unaweza kuua koili au kontroli boksi (kompyuta ya injini) ambayo ilikuwa nzima, na petroli inaendelea kumwagwa kwenye silinda isiyochoma na kwenda kwenye masega. Ukikata injekta, mafuta nayo yanakatika. Kwa injini za D-4, ambazo injekta zake hunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, ruka zoezi hili na utumie mashine.

Zipo injini ambazo koneta zake zimejificha chini ya manifoldi, yaani bomba la matawi linaloingiza hewa kwenye silinda. Kwa hizo, washa injini ikiwa baridi kabisa, na ndani ya dakika ya kwanza nyunyiza matone machache ya maji kwenye kila tawi la manifoldi ya ekzosi, ile inayotoa moshi. Tawi ambalo matone yanachelewa kukauka ndilo la silinda isiyochoma. Usimwage maji mengi wala usifanye hivyo injini ikishapata moto, kwa sababu chuma kinaweza kupasuka.

4. Kagua kwa macho. Zima gari, toa ufunguo, washa tochi. Katika magari yanayolala karibu na bahari, kama Mikindani, Shangani au Lindi mjini, angalia kwanza ndani ya koneta za koili na injekta: chumvi ya hewani huacha unga wa kijani au mweupe kwenye pini, na pini ya namna hiyo hupitisha umeme leo, kesho ikakataa. Ikwangue taratibu na uisafishe kwa dawa ya kusafishia koneta. Kwa magari yanayoegeshwa karibu na maghala au mashambani, tafuta meno ya panya. Hutafuna nyaya ndogo za injekta upande wa chini usioonekana, kwa hiyo pitisha vidole kwenye waya wote na usitosheke na kuutazama kwa juu. Kagua pia hozi zote nyembamba za hewa. Mpira uliokauka hupasuka mwishoni, pale unapovaa kwenye bomba.

5. Toa plagi na uisome. Hatua hii inastahili muda wako. Kabla ya kufungua koili, piga upepo juu ya injini, fungua koili, kisha piga upepo tena ndani ya shimo la plagi. Vumbi la barabara zetu ni laini na hujikusanya kuizunguka plagi hadi kufanana na unga uliosagwa. Ukifungua plagi bila kulipuliza, lote litadondokea ndani ya silinda na kwenda kukwaruza kuta zake. Vaa miwani, maana vumbi hilo hurudi usoni.

Fungua injini ikiwa imepoa. Hedi nyingi ni za aluminiamu, na plagi ikifunguliwa kwa nguvu chuma kikiwa cha moto, inaweza kutoka na nyuzi za hedi. Ikikaza, rudisha robo mzunguko, dondosha mafuta kidogo ya kulainisha, subiri, kisha jaribu tena. Panga plagi juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake.

Sasa itazame ncha. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda inayochoma vizuri. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta kuzidi au cheche dhaifu. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yalifika lakini hayakuwashwa. Iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto kali, mara nyingi kwa sababu mafuta ni haba. Ukikuta moja inang'aa kana kwamba imeoshwa, na wenzake wana rangi, shuku maji ya rejeta kuingia kwenye silinda hiyo. Igeuze pia uone kaure nyeupe: mstari mweusi mwembamba unaoteremka juu yake ni njia ambayo umeme umejitengenezea pembeni, na plagi hiyo haifai hata ukiisafisha. Ukiuona mstari huo, tazama na mpira wa koili kwa ndani, kwani mara nyingi una alama ya kufanana nao.

Oili ikiwa imejaa kwenye shimo la plagi, tatizo liko kwenye sili za kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini). Ukibadilisha plagi na koili bila sili hizo, misi itarudi oili ikishapanda tena.

Pima mwanya kwa kipimo. Milimita 1.0 hadi 1.1 ni ya kawaida kwa injini nyingi za Toyota, lakini fuata kitabu cha gari lako. Plagi za iridiamu zisikwanguliwe kwa brashi ya waya wala kugongwa ili kupunguza mwanya. Ncha yake nyembamba huvunjika.

6. Hamisha koili. Tuseme kodi ni P0303. Zima gari, hamisha koili ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, na ya 1 uilete ya 3. Usiguse kitu kingine. Futa kodi na uliendeshe gari katika hali ileile uliyoiandika hatua ya 1. Kodi ikibadilika kuwa P0301, umempata mgonjwa, na utanunua koili moja tu. Ikibaki P0303, koili haina hatia. Asiye na mashine atarudia zoezi la hatua ya 3 na kuona kama silinda isiyojibu imehama.

Kosa linalojirudia hapa ni kuhamisha koili na plagi kwa pamoja ili kuokoa muda. Misi ikihama, hutajua ni kipi kilichoihamisha, na muda uliouokoa utaurudisha mara mbili.

Baadhi ya injini, kama 5VZ-FE ya V6, zina koili moja kwa silinda mbili, mathalani ya 1 na ya 4. Silinda mbili za jozi moja zikimisi pamoja, anzia kwenye koili yao. Ikimisi moja peke yake, anzia kwenye waya na plagi.

7. Hamisha plagi. Utaratibu ni uleule. Unapofunga, anza kwa vidole ukitumia kiungo kirefu bila racheti hadi plagi ikae, ndipo ukaze. Plagi mpya yenye washa hukazwa takriban nusu mzunguko baada ya kukaa. Iliyokwisha kutumika hukazwa kidogo sana kuliko hapo. Ukihisi ugumu tangu mwanzo, nyuzi zimepishana: itoe na uanze upya.

8. Chunguza injekta. Injini ikiwa inanguruma, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na mpini wake sikioni, ukiwa mbali na feni na mikanda. Injekta nzima hugonga kwa mapigo ya haraka yaliyo sawa. Isiyogonga, zima gari, chomoa koneta na uipime kwa malti-mita. Injekta nyingi za kawaida huwa na omu 12 hadi 16, lakini jambo kubwa ni zilingane. Moja ikitofautiana sana na wenzake, hiyo imekufa. Kama vipimo ni sawa na bado haigongi, kagua waya wake hadi kwenye kontroli boksi, na hapa ndipo panya hugundulika.

Injekta inayogonga yaweza pia kuwa imeziba. Kuihamisha kunataka kupunguza kwanza shinikizo la mafuta: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini hadi ijizime yenyewe, kisha fungua. Weka oringi mpya. Kama hujawahi kufungua reli ya mafuta, mwachie fundi kazi hii, kwa kuwa petroli inayovuja juu ya injini ya moto huteketeza gari zima.

9. Pima kompresheni. Ukifika hapa na misi haijahama, cheche na mafuta viko sawa, na umebaki mgandamizo. Toa plagi zote, chomoa koneta za koili, toa fyuzi ya mafuta, mwambie mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho na apige stata hadi sindano ya kipimo iache kupanda. Betri iwe na chaji kamili. Injini nyingi nzima husoma kati ya psi 150 na 200, lakini tofauti kati ya silinda ndiyo ya kutazamwa zaidi: moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, kuna kasoro. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

10. Futa kodi na ujaribu kwa mzigo. Kuendesha kwenye lami tambarare hakutoshi. Misi ya koili dhaifu hujificha mpaka injini ifanye kazi nzito, kwa hiyo tafuta mlima. Anayeelekea Newala anapopanda uwanda wa juu wa Makonde atapata jibu la uhakika. Usifute kodi kwa kufungua betri ikiwa unaweza kutumia mashine, kwa sababu baadhi ya magari, hasa ya Nissan, hupoteza sailensa na kuhitaji kufundishwa upya.

Kuhusu kununua

Plagi bandia zimejaa sokoni na maboksi yake ni mazuri. Linganisha na plagi ya asili: maandishi kwenye kaure yawe makali, ncha ya kati ikae katikati hasa, na mwanya ulingane katika plagi zote nne. Kwa maoni yangu, koili ya asili iliyotumika kutoka Japani ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Agiza kwa kutumia namba iliyoandikwa kwenye koili yenyewe, ukituma na picha yake, wala usiagize kwa jina la gari pekee.

Kwa wenye dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Misi yake hutokana na nozeli, hewa kwenye mafuta, filta iliyoziba au kompresheni. Katika injini za zamani kama 3L, 5L na 1HZ, mafundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja moja na kusikiliza, kama tulivyofanya kwa injekta. Usifanye hivyo kamwe kwa injini za reli ya pamoja kama 1KD au 2KD: shinikizo lake hupita baa 1000, na mafuta yanayochuruzika kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi.

Hali zinazowachanganya wengi

*Misi huja asubuhi baada ya mvua au kuosha injini, kisha hupotea.* Unyevu umeingia kwenye mashimo ya plagi au kwenye mpira uliopasuka. Usiku, washa injini gizani na unyunyize ukungu mwembamba wa maji karibu na koili na nyaya; utaona cheche za buluu pale umeme unapotorokea.

*Misi iko sailensa tu, ukikanyaga mafuta hutulia.* Shuku hewa inayoingia pasipo ruhusa kwenye hozi au gasketi ya manifoldi. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, umepapata. Ikishindikana, tazama tapeti.

*Misi huja gari likiwa na mzigo mlimani.* Kama koili na plagi zimepita majaribio, pima shinikizo la pampu na ubadilishe filta ya mafuta.

*Kodi ni P0300 peke yake.* Tafuta kinachohudumia silinda zote: pampu, hewa inayovuja, sensa ya hewa, au petroli mbaya. Kwa petroli ya kwenye madumu, chukua kiasi kwenye chupa angavu na uiache itulie. Maji yatajitenga chini. Fahamu pia kwamba kontroli boksi hutambua misi kwa kupima mzunguko wa kranki (mhimili mkuu wa injini), na barabara yenye makorongo inaweza kuitikisa hadi iandike misi isiyokuwepo. Kama injini haikutetemeka, futa kodi na uijaribu kwenye lami kabla ya kufungua chochote.

*Misi imezidi baada ya kuweka plagi mpya.* Angalia kama koneta za koili zimepishana, kama kaure imepasuka wakati wa kukaza, na kama mwanya ni sahihi. Kisha rudisha plagi moja ya zamani kwenye silinda husika. Misi ikipungua, mpya ndiyo mbovu.

*Maji ya rejeta yanapungua, na moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto.* Acha kuendesha. Injini ikipoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, na utazame kama mapovu yanapanda mfululizo. Yakipanda, gasketi ya hedi imeachia, na gari hilo livutwe hadi gereji, kwa sababu kila kilomita unayoongeza inaweza kuikunja hedi ambayo leo bado inaweza kupigwa plena (kusawazishwa kwa mashine) na kurudishwa.